Kipande cha Bati Katika Sanduku la Magesa

Mwanangu Rehema,

Barua huanzaga na kuulizana hali. Ya kwako naijua: uko chumba cha pili, unafunga begi, unalifungua, unalifunga tena kwa sababu kandambili zimekataa kuingia. Ya kwangu si nzuri. Nimefunga kibanda hiki cha mbele ya nyumba mapema leo, jua halijazama, nimewaambia wateja warudi Jumatatu. Nimekaa kwenye stuli yangu na daftari lako la zamani la Sayansi Kimu, lile ulilobakiza kurasa nyingi kwa sababu hukulipenda somo. Watu wa mtaa huu wa Mukendo wanapita, wanamwona Fundi Koili anaandika badala ya kusokota waya, wanacheka. Waache wacheke.

Mambo ya kuchemsha maji ya kunywa, kutunza nauli na kutowaamini watu wa stendi ya Mwanza, shangazi yako ameshayasema tangu Jumapili, na yaliyobaki atayamalizia kesho dirishani basi likiwa linaondoka. Mimi sina la kuongeza hapo. Nataka kukuambia habari ya waya. Najua utasema, baba naye na nyaya zake! Nivumilie. Ndani ya habari ya waya kuna habari ya mdogo wako Magesa, na ya mama yako, na jambo nililokuficha kwa miaka kumi. Unakwenda kusomea uuguzi. Siwezi kukuacha uingie kwenye wodi za watoto wa watu hujui kilichotokea katika wodi ile moja.

Unakumbuka ulipokuwa mdogo, unakaa hapa chini ya meza na ile sumaku ya spika? Kazi yako ilikuwa kugusa vipande vya waya. Kikinasa, unatupa kwenye kopo la kushoto. Kisiponasa, kopo la kulia. Hukuwahi kuniuliza kwa nini, ulikuwa unapenda tu mlio wa kopo. Kazi hiyo nilifundishwa na Mzee Bakari wa Bunda, aliyekuwa fundi umeme kwenye kinu cha pamba mpaka macho yalipomkataa. Alikuwa mkali kama nini. Nikikosea ananipiga kwenye vidole na spoki ya baiskeli, ileile tunayosokotea waya wa jiko uwe koili.

Mzee Bakari alinifundisha hivi. Chukua waya wa chuma wa kawaida, kama huu wa kufungia nondo, upitishe umeme mpaka uwe mwekundu. Utawaka vizuri tu, mtu asiyejua atakusifu. Lakini hewa inaula. Unaota kutu nyeusi, kutu inabanduka, chini yake inaota nyingine, nayo inabanduka, na kila ikibanduka waya umepungua, mpaka siku unakatika. Sasa chukua waya wa nikeli na kromu. Huu nao ukiwaka unaota ngozi, tena mapema sana, lakini ngozi yake ni nyembamba, inashika, haibanduki. Ile ngozi ndiyo inayoizuia hewa isiingie ndani. Unaweza kuuwasha ukawa mwekundu na kuuzima, asubuhi na jioni, mwaka wa kwanza mpaka wa tano, na ukipoa bado unakunjika mkononi bila kuvunjika. Tena unaubania umeme usipite kwa urahisi, na kule kubana ndiko kunakotoa joto. Kwa hiyo umo kwenye pasi, kwenye jiko la umeme, kwenye birika, kwenye matanuri ya kiwanda, mpaka kwenye zile plagi za kupashia injini ya dizeli asubuhi ya baridi. Sumaku haiupati. Hiyo ndiyo ilikuwa siri ya kopo lako la kulia.

Kuna na wa tatu, wa chuma, kromu na alumini. Huo unavumilia moto hata kuupita ule wa nikeli, ila una tabia mbaya: ukishawaka sana unakuwa mkavu. Ukitaka kuukunja baadaye unakatika kama biskuti. Sumaku inaunasa. Mzee Bakari alikuwa akisema huo usiuunge kamwe ukishakatika. Ukikatika, badilisha wote, na kama huna wa kubadilisha, mwambie mwenye kitu chake huna. Alirudia neno hilo la mwisho, mwambie huna, mpaka nikaona ananichosha.

Sasa nakuja kwenye miaka ya shida. Wewe ulikuwa na miaka tisa, unakumbuka foleni za duka, na tulivyofulia majani ya mpapai kwa kukosa sabuni. Waya ndio usiseme. Jiko likifa, limekufa. Mafundi wote wa Musoma tukawa waungaji. Koili ikikatika, unavuta ncha mbili, unazisogeza pamoja, unazivisha kipande cha bati cha kopo la maziwa, unakiminya na koleo, unamwambia mteja, itakaa. Neno hilo tulilisema wote, itakaa. Wengi wetu tulijua haikai. Bati si waya wa moto. Halina ile ngozi. Pale kwenye kiungo ndipo moto unapozidi, na bati linaliwa siku chache tu, mwenzio anarudi, unaunga tena. Mteja hakulalamika kwa sababu alijua nchi nzima imeungwaungwa.

Lakini mimi nilikuwa na waya. Hilo hukuwahi kujua. Kabla ya kufa, Mzee Bakari aliniachia fungu la waya wa nikeli na kromu, mpya, unang'aa. Niliutumia kwa kujinyima mpaka ukabaki wa kutosha koili moja. Huo nikauweka ndani ya kopo la kakao, nikauzika chini ya sakafu, hapo hapo stuli yangu ilipo, kwa sababu ilikuwa miaka ya msako wa walanguzi na mtu akikutwa na kitu kipya aliulizwa kimetoka wapi. Mama yako pekee ndiye alijua kuna kopo. Hakujua thamani ya kilichomo.

Basi asubuhi moja nesi wa kliniki ya wazazi alikuja na koili imefungwa kwenye gazeti. Ilikuwa ya lile sanduku la watoto wanaozaliwa kabla ya siku zao. Sanduku lile nililijua kuliko mkono wangu, kwa sababu waya zake nilizipanga mwenyewe: mbao pembeni, kioo juu, koili chini pamoja na sufuria ya maji ili hewa isiwe kavu. Koili yake ilikuwa ya ule waya wa tatu, imekauka, imekatika katikati. Nesi akaniambia kwa sasa sanduku halina mtoto, lakini anaweza kuja wakati wowote. Nikamwambia arudi kesho yake. Nilipomwambia hivyo, nakuapia, nilikuwa nafikiria kopo la kakao.

Mchana wake akaja dereva wa bwana mmoja mkubwa, wa ofisi iliyokuwa inagawa bidhaa. Kwenye gari jiko la umeme. Bwana ana shughuli ya kumwoza binti, keki zinatakiwa, na hataki kuungiwa, anataka koili nzima. Dereva akanong'ona kwamba bwana hatanisahau: doti ya kanga, miche miwili ya sabuni, na sukari. Rehema, mama yako alikuwa na mimba ya miezi saba. Hatukuwa na kitambaa cha kumpokelea mtoto. Hatukuwa na sabuni ya kumwogeshea. Nilisimama pale mlangoni nikaona kanga zile kabla hazijaletwa.

Nilifukua kopo nikasokota koili ya bwana mkubwa. Ilikuwa koili nzuri kuliko zote nilizowahi kusokota. Ya kliniki nikaikatia bati, nikaiminya, nikaiwasha, ikawa nyekundu. Nesi aliporudi akauliza kama itafika mbali. Nikamwambia, "Itakaa."

Nilijipa na sababu. Nilijiambia kliniki ni ya umma, wakiona waya mpya wataniuliza nimeutoa wapi. Uongo huo. Nesi yule angenificha hata chini ya gauni lake. Nilijua hivyo siku ile na najua hivyo leo.

Siku mbili baadaye habari ilikuja kwamba mama yako mdogo wa Butiama amevuna mihogo, twende tukachukue. Mjini unga hakuna. Nilitakiwa kwenda mimi. Ndiyo, mimi. Tulishapanga usiku ule mbele yako, kama unakumbuka ulitaka nikuletee miwa. Lakini bwana mkubwa alikuwa ametuma neno nikamfungie jiko nyumbani kwake asubuhi hiyo, nami sikutaka kumkwaza kabla kanga hazijatoka. Nikamwambia mama yako aende yeye, ni mwendo mfupi, atapata lifti. Hakubisha. Alikuwaga habishi. Alikwenda, akarudi jioni juu ya lori la pamba, amekaa juu ya marobota na gunia lake la mihogo, anacheka kwa sababu upepo umemvua kilemba. Kesho yake uchungu ukamshika.

Magesa alizaliwa mzima, mdogo, analia kwa sauti nyembamba. Mama yako alimpa jina la babu yako wa Kisorya hapo hapo, hata kabla hajaniuliza. Walimweka kwenye sanduku. Niliingia kumtazama kupitia kile kioo, na nikaitazama koili chini yake ikiwaka, na nikasema moyoni, Mungu wangu. Kanga zilikuwa zimeshaletwa. Muda wa kukata ile koili na kuweka nyingine bado ulikuwepo. Ningeweza kwenda kwa bwana mkubwa, nikamwangukia miguuni nikamwomba koili yake kwa siku kumi tu. Nilikwenda mpaka kwenye geti lake. Keki zilikuwa zinaokwa, zinanukia mpaka barabarani. Nikaona aibu nikarudi.

Siku ya tatu ilinyesha mvua kutoka ziwani tangu alfajiri. Nesi alikuwa peke yake, kuna mama mwingine anajifungua kwa taabu chumba cha pili. Aliporudi kwenye sanduku mchana lilikuwa la baridi, na Magesa alikuwa wa baridi. Wakaniita mimi. Si kama baba, kwanza waliniita kama fundi, njoo utazame sanduku limekuwaje. Nikafungua chini. Bati lilikuwa limeliwa, limebaki unga mweusi na kipande kidogo, ncha za koili zimeachana. Nikakitia kile kipande mfukoni. Nesi alinitazama nikamwambia umeme umekatika ukarudi kwa nguvu, ndio umeunguza waya. Akasema, haya, fundi. Ni wakati huo ndipo mtu mwingine alinikumbusha kwamba mimi pia ni baba na kwamba mama yake yuko kitandani hajaambiwa.

Sijui kama angeishi. Nataka nikuambie hilo pia, kwa sababu utasoma, utajua mambo hayo kuliko mimi. Watoto wa miezi saba wengine huishi, wengine hapana, hata kwenye hospitali kubwa. Miaka kumi nimejifunika na hilo "labda". Lakini wewe ni mtoto wa fundi. Unajua kwamba fundi haulizwi kama nyumba ingeungua au isingeungua. Anaulizwa kama alifunga waya sawasawa.

Sanda ilikuwa haipatikani mjini. Tulimzika kwa kanga moja ya ile doti. Moja ikabaki.

Sasa kuhusu mama yako. Bibi yako, mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema lakini mdomo wake haukuwa na komeo. Matanga hayajaisha akaanza: mwanamke gani mwenye mimba anapanda juu ya lori la pamba kwa ajili ya mihogo? Wanawake wa mtaa wakadakia. Ikawa ndiyo habari ya kisimani, ya sokoni, ya msibani kwa watu wengine kabisa. Butiama, Butiama, Butiama. Hakuna aliyesema nani alimtuma. Mama yako hakulisema. Alikuwa ananisubiri mimi niseme.

Siku moja, tuko wawili, anachambua mchele, akaniuliza bila kuinua kichwa, "Baba Rehema, na wewe unasema ni Butiama?"

Hilo ndilo swali pekee aliloniuliza. Nilikuwa na kile kipande cha bati mfukoni, kilikuwa kinanichoma paja. Ningeweza kukitoa nikakiweka juu ya ungo wake. Nikamjibu, "Ni kazi ya Mungu."

Akaendelea kuchambua mchele. Mwezi wa tano baada ya hapo alisema anakwenda kuwasalimu wazazi Kisorya, akachukua ile kanga iliyobaki, hakurudi. Aliomba akuchukue na wewe. Bibi yako akakataa, akasema mtoto ni wa kwetu, na mimi nikanyamaza kama kawaida yangu. Tukakuambia mama yako ametukimbia kwa sababu ya shida. Wewe ukaamini. Ungefanyaje?

Rehema, sasa nisikilize hapa, usiruke. Ulikuwa na miaka kumi na minne mama yako alipokuja kukuona. Alitoka Kisorya alfajiri, akaunga magari mawili, akafika hapa na kikapu cha furu wakavu, wakati ambapo furu walishaanza kuadimika ziwani, sangara wamewamaliza. Alijua unawapenda. Ulimsimamia mlangoni. Ukamwambia, "Wewe ndiye uliyemuua Magesa."

Mimi nilikuwa hapa, kwenye stuli hii. Nilisikia. Mkono wangu haukusimama, niliendelea kusokota, na koili ile ilitoka sawa, mizunguko yote imelala sawasawa. Mama yako aliweka kikapu chini, akanitazama kupitia dirisha hili dogo, akasubiri kidogo, labda muda wa mtu kuhesabu mpaka kumi. Kisha akaenda zake. Furu wale tuliwala wiki nzima.

Uliyasema maneno yale wewe, lakini niliyekuwekea mdomoni ni mimi. Nataka ulijue hilo kabla hujaanza kujilaumu, maana nakujua, utaanza. Ulikuwa mtoto uliyeambiwa uongo na mtu uliyempenda. Mwenye dhambi alikuwa amekaa hatua tano kutoka mlangoni, mzima wa afya, ana ulimi.

Miaka hiyo ndiyo ikaja ruksa ya biashara. Sasa angalia maduka ya hapa Mukendo. Koili zinaning'inia kwenye misumari ndani ya vifuko vya nailoni, za kila urefu, hakuna anayeuliza zimetoka wapi. Nyingi sumaku inazinasa, na vijana wanaoziuza hawajui tofauti, wananiona mzee msumbufu ninapozigusa na sumaku yangu. Zipo na za kweli. Juzi nilishika moja ya nikeli na kromu halisi, laini, nzito, ninayoweza kuinunua wakati wowote bila kumwangukia mtu. Nikairudisha msumarini, nikatoka nje, nikakaa kwenye mtaro nikalia mchana kweupe. Muuza duka akaniletea maji. Nikamwambia ni moshi.

Wanasema mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi hata kifo hakikuniumbua. Kilinipita, kikamuumbua mama yako. Niliheshimiwa, nikaitwa fundi mwaminifu. Nimekaa na heshima hiyo na mke sina, na mtoto mmoja alizikwa kwa nusu ya doti, na mwingine kesho anaondoka, anamchukia mama yake kwa kosa langu. Hayo ndiyo mapato yangu ya kunyamaza.

Usidhani sikujaribu. Nilikwenda mara mbili. Mara zote mbili nilifika Bunda, nikashuka, nikasimama pale magari ya Kisorya yanapopakia. Mara ya kwanza nikajiambia gari limejaa. Halikujaa. Mara ya pili nilikuwa nimeshaweka mguu ndani, konda ananivuta mkono, nikakumbuka kwamba nimeacha jiko la mtu. Nikarudi Musoma kufunga jiko la mtu.

Hapa ndipo nilipokuwa nakwenda tangu mwanzo. Basi lako kesho litasimama Bunda. Nilitaka kukuomba ushuke, uchukue gari la Kisorya, umtafute mama yako nyumbani kwa babu yako, umpe barua hii pamoja na kipande cha bati nilichokifunga kwenye karatasi, kisha uendelee na safari yako ya Mwanza keshokutwa. Chuo hakifunguliwi mpaka Jumatatu, muda unao. Utaona hapo juu ya ukurasa sentensi niliyoiandika nikaikata, nikaiandika tena nikaikata. Ni hiyo.

Nimeikata kwa sababu nimeisoma. Nimesoma nikaona nimefanya lilelile. Ncha mbili zimeachana miaka kumi, na mimi natafuta kitu cha kubana katikati ili nisiziguse mwenyewe. Nilitaka kukufanya wewe kile kipande cha bati. Ungeungua wewe, halafu ningesema, itakaa.

Basi nimeacha kalamu nikatoka.

Nimerudi sasa. Nilikuwa stendi. Kiti kilichobaki kwenye basi lako ni cha nyuma kabisa, juu ya tairi, na mkata tiketi ameniambia mzee kitakurusha. Nimemwambia kinirushe. Shangazi yako nimemwambia nakwenda Bunda kununua vifaa. Kesho nikirudi nitamwambia ukweli, kama nitarudi kesho. Huo utakuwa uongo wangu wa mwisho katika jambo hili.

Barua hii nitakupa mkononi basi likishatoka stendi, kisha nitakwenda kukaa nyuma. Kutoka hapa mpaka Bunda una muda wa kuisoma yote, hata mara mbili. Sitakufuata kitini. Sitakuuliza umefika wapi.

Kile kipande cha bati kipo kwangu, mfuko wa shati, kushoto. Nitakiweka kwenye ungo wake mwenyewe kama ana ungo, au mkononi, au chini mbele ya mlango kama hatafungua. Nitalijibu lile swali lake. Nitamwambia si Butiama. Nitamwambia nani alimtuma na kwa nini aliyemtuma hakwenda mwenyewe. Nitamwambia mbele ya baba yake na ndugu zake, na wakinifukuza nitakwenda kuyasema kisimani kwao, maana kisimani ndiko walikomsema yeye. Sitamwomba arudi. Sina uso huo. Nitamwomba tu asife akiamini kwamba hata mimi niliamini.

Wewe sikutumi chochote. Hulazimiki kushuka. Kama ukitaka kwenda moja kwa moja Mwanza ukaanze maisha yako mbali na mimi, ni haki yako, nami sitakulaumu hata kwa moyo. Kama utataka kumwona mama yako siku nyingine bila mimi, hiyo ni bora zaidi pengine. Yaliyo kati yako na yeye ni yenu.

Ndani ya begi lako, chini ya zile kandambili, nimekuwekea sumaku ya spika. Si kwa sababu utaungia watu majiko. Kwenye wodi yako kutakuwa na sanduku la watoto, au mashine mpya ya namna hiyo, na siku moja fundi atakuja kukuambia itakaa. Kumbuka kwamba baba yako naye alisema hivyo, na alikuwa fundi mzuri.

Basi likisimama Bunda nitashuka kwa mlango wa nyuma. Magari ya Kisorya yanapakia upande wa pili wa barabara, karibu na wauza viazi. Nitapanda la kwanza, hata kama halijajaa, na nitakaa ndani mpaka liondoke. Sitageuka kukuangalia dirishani, Rehema, ili usije ukashuka kwa kunihurumia.

Baba yako,
Fundi wa Mukendo, aliyeunga sanduku la Magesa.